Mgonjwa Naye Ana Swali: Nani Achague Kinachotafitiwa Kilimanjaro?

Bartimayo alipopaza sauti kando ya njia ya Yeriko, kila mtu aliyekuwapo alijua shida yake. Alikuwa kipofu, tena ombaomba. Hata hivyo Yesu hakumponya papo hapo. Aliagiza aitwe, kisha akamuuliza yeye mwenyewe anataka afanyiwe nini. Mwinjili Marko anasimulia tukio hilo katika sura ya 10, na sisi tunapolisoma tunakuwa na haraka ya kufika kwenye muujiza. Swali tunaliruka. Lakini swali lile lilikuwa mwanzo wa uponyaji: mtu ambaye umati ulimkemea anyamaze alipewa nafasi ya kuitaja shida yake kwa kinywa chake, mbele ya umati ule ule.

Ninalikumbuka swali hilo kwa sababu ya mahali tunapoishi. Moshi na vijiji vya mlimani ni kati ya sehemu za Tanzania ambazo zimefanyiwa tafiti nyingi za afya. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na kutokana nayo tumepata chuo kikuu cha tiba pamoja na taasisi ya utafiti, KCRI. Washirika wamekuja kutoka Marekani, Uingereza, Uholanzi na kwingineko. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Wagonjwa wengi wanaishi leo kwa sababu mtu fulani alikaa maabara usiku akitafuta jibu.

Lakini nenda Kibosho, Marangu au Mkuu, umuulize mama mmoja utafiti uliopita kijijini kwake ulihusu nini na uligundua nini. Usishangae akikujibu kwa maneno machache: walikuja, wakauliza, wakatoa damu, wakaenda. Hasemi kwa chuki. Anasema kama anavyosema juu ya mvua iliyopita, jambo ambalo hakuliita na hakuwa na uwezo wa kulizuia.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Watu wanaougua, wanaouguza na wanaotibu wanapaswa kuwa na sauti katika kuchagua kitakachotafitiwa, na sauti hiyo isikike kabla andiko la kuomba fedha halijaandikwa. Wanastahili hivyo kwa haki, na zaidi ya haki, bila wao ukweli wenyewe haupatikani wote. Na Kanisa letu, lenye jumuiya katika kila kitongoji, haliwezi kusema jambo hilo halilihusu.

Swali la utafiti huzaliwa wapi?

Tufuate safari ya utafiti mmoja. Mfadhili, ambaye mara nyingi yuko Washington, London au Geneva, anatangaza kwamba ana fedha kwa ajili ya ugonjwa fulani. Watafiti, wenyeji na wageni, wanaandika andiko. Likikubaliwa linapelekwa kwenye kamati za maadili, ya taasisi na ile ya taifa iliyo chini ya NIMR. Kisha barua inashuka mkoani, wilayani, kwenye kata, mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwisho kabisa kijana mwenye kishikwambi anabisha hodi kihambani, na mwenye nyumba anasomewa hati ya ridhaa. Kwa mwenye nyumba, hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia habari zenyewe.

Siidharau hati ya ridhaa. Ni kinga muhimu, na imepatikana baada ya watu kutendewa vibaya sana katika historia ya utafiti duniani. Lakini tuangalie inachouliza. Inamuuliza mtu kama anakubali kujibu swali lililokwisha kuamuliwa. Haimuulizi yeye ana swali gani. Anaweza kusema ndiyo au hapana. Hana mahali pa kusema, "Sawa, lakini kinachotumaliza hapa ni kingine."

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1990 Tume ya Utafiti wa Afya kwa Maendeleo, iliyokuwa ya kimataifa, ilikadiria kwamba takriban asilimia 5 tu ya fedha za utafiti wa afya duniani ndizo zilizoelekezwa kwenye matatizo ya nchi zinazoendelea, ilhali nchi hizo zilibeba asilimia 93 ya mzigo wa vifo vinavyozuilika. Tume ilizihimiza nchi zote, hata zilizo maskini kabisa, ziwe na utafiti wao wenyewe unaoanza na mahitaji ya watu wao. Tanzania haikukaa kimya. Tayari tulikuwa na NIMR, iliyoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 1979, na mwaka 1999 likaanzishwa jukwaa la kitaifa la utafiti wa afya ili wadau wakae pamoja. Tangu hapo nchi imekuwa ikitoa orodha za vipaumbele vyake vya utafiti.

Orodha ni jambo jema. Lakini orodha isiyo na fedha hufanana na mwaliko wa harusi usio na chakula. Mwanzoni mwa mwaka 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya na utafiti barani Afrika ilitikisika ndani ya wiki chache. Tulijifunza kwa uchungu kwamba anayelipa ndiye anayechagua swali, na akiondoka anaondoka na swali lake. Sisi tunabaki na wagonjwa wetu. Je, tunabaki pia na maswali yetu wenyewe, yaliyoandikwa, tunayoyajua na tunayoweza kuyasimamia?

Hai, mwaka 1992

Tunao mfano wa hapa hapa kwetu unaoonyesha kile ambacho familia za kawaida zinakijua na hospitali haikijui. Mwaka 1992 Wizara ya Afya, pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, ilianza mradi wa kufuatilia vifo vya watu wazima katika sehemu tatu: Dar es Salaam, Morogoro Vijijini na wilaya yetu ya Hai. Wakati huo macho ya wengi yalikuwa kwa watoto wachanga na kina mama wajawazito. Ilidhaniwa kwamba mtu aliyevuka utoto amevuka hatari.

Tatizo lilikuwa kwamba vifo vingi vilitokea nyumbani. Hakukuwa na daktari, wala cheti, wala faili. Kwa hiyo watafiti walifanya kitu rahisi. Walikwenda kwa wafiwa, wakakaa nao, wakawauliza ndugu yao aliugua vipi: homa ilianza lini, alikohoa, alikonda, alianguka ghafla, alipooza upande gani? Kwetu mlimani marehemu huzikwa kihambani, hatua chache kutoka mlango wa nyumba. Familia haisahau. Mjane anakumbuka siku, saa, na maneno ya mwisho. Kumbukumbu hizo ndizo zilizogeuka kuwa takwimu za taifa.

Matokeo yalitoka mwaka 1996. Katika miaka mitatu vilikuwa vimeandikwa vifo 4,929 vya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi katika sehemu zote tatu. Katika Hai, kwa viwango vya vifo vya wakati ule, kijana wa kiume wa miaka 15 alikuwa na uwezekano wa asilimia 37 wa kufa kabla ya kutimiza miaka 60, na msichana asilimia 26. Na Hai ndiyo iliyokuwa na nafuu. Katika Morogoro Vijijini, kwa wanaume, ilikuwa asilimia 58. Ikawa vigumu tena kusema kwamba mtu mzima hana shida ya afya inayostahili kutafitiwa. Ukimwi ulionekana wazi, na pamoja nao yakaonekana magonjwa ambayo watu walidhani ni ya mijini na ya matajiri, kama kiharusi.

Hapo kuna somo. Zile familia za Hai hazikuchagua swali la mradi, lakini ndizo zilizokuwa na jibu. Kama zingeulizwa miaka 10 mapema kinachowamaliza watu wazima, je, zisingesema? Zilikuwa zinazika.

Lakini watu hawajui kila kitu

Ndugu msomaji unaweza kunipinga hapa, na ungekuwa na haki. Je, mwananchi wa kawaida anaweza kuchagua utafiti? Si atachagua anachokiona tu? Vipi kuhusu ugonjwa ambao hauonekani?

Swali ni la kweli, na majirani zetu wa Shari, huko huko Hai, wanatupa sehemu ya jibu. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya upimaji wa shinikizo la damu katika Shari na katika Ilala, Dar es Salaam. Kule Shari, kijijini kabisa, kiasi cha theluthi moja ya watu wazima walikuwa na shinikizo la juu. Katika sehemu zote mbili, kati ya waliokuwa nalo, wasiofika asilimia 20 ndio waliojua kwamba wanalo, na waliokuwa wamelidhibiti hawakufika hata asilimia 1. Mtu asiyejua kwamba ana ugonjwa hawezi kuomba utafitiwe.

Ni kweli. Lakini mtu huyo huyo anajua kupooza. Anajua baba yake aliamka asubuhi mdomo umekwenda upande. Anajua kwamba ukoo wao una watu watatu waliokufa namna hiyo, na pengine amesikia ikisemwa kuwa ni kulogwa. Swali lake si "shinikizo la damu limeenea kiasi gani?" Swali lake ni "kwa nini watu wa kwetu wanapooza?" Kazi ya mtaalamu ni kulichukua swali hilo na kulipeleka kwenye kipimo. Mwananchi analeta uchungu wenyewe, mtaalamu analeta njia. Mmoja akibaki peke yake, kazi haikamiliki.

Kwamba mtaalamu peke yake naye anaweza kupotea, tunao ushahidi kutoka Moshi mjini. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwachunguza wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa ajili ya homa KCMC na Mawenzi. Waliokuwa wametambuliwa na waganga kuwa na malaria walikuwa zaidi ya nusu, asilimia 60.7. Vipimo vya uhakika vilipofanywa, waliokuwa na malaria kweli walikuwa asilimia 1.6. Watu 14 tu.

Ni takwimu ya kusoma polepole. Wagonjwa walisema malaria, waganga wakasema malaria, fedha za dunia zikasema malaria, na kwa wengi mno haikuwa malaria. Zaidi ya robo ya wagonjwa waliopimwa magonjwa hayo walikuwa na maambukizi ya bakteria yanayotoka kwa wanyama: homa ya mgunda, ile ambayo Watanzania wengi walisikia jina lake mara ya kwanza ilipolipuka Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022, ugonjwa wa brusela unaowafanya ng'ombe watupe mimba, homa ya Q, na homa zinazoletwa na kupe.

Sasa tujiulize nani mlimani anawajua ng'ombe. Ni mama anayeshuka tambarare kukata majani na kupanda nayo kichwani, anayekamua alfajiri, anayesafisha banda lililo ubavuni mwa jiko, na anayeshika kondo la nyuma kwa mikono mitupu ng'ombe anapozaa. Ni kijana anayefanya kazi machinjioni. Ni afisa mifugo wa kata, ambaye anajua ng'ombe wa kitongoji gani wametupa mimba mwaka huu. Lau hao wangekaa meza moja na daktari wa wodi na kulizungumza jambo la homa zisizopona kwa dawa ya malaria, huenda swali la wanyama lingeulizwa mapema zaidi. Sisemi mama yule angetaja jina la bakteria. Nasema angeweza kueleza kwamba waliougua nyumbani kwake ni wale wale wanaoshughulika na banda. Kwa mtafiti makini, maneno hayo yanatosha kuanzia.

Mfano mwingine ni saratani ya koo la chakula, ambayo inaumiza sana watu wa ukanda huu. Wapo wengi kati yetu waliomuuguza mzee aliyeanza kwa kukwamwa na ndizi, kisha akakwamwa na mtori, mwisho hata maji hayapiti. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliopima joto la chai ambayo watu wazima 188 wa mkoa huu walikuwa wakiinywa. Kwa wastani walianza kunywa ikiwa na nyuzi joto 70 hivi, na wanywaji wa chai ya maziwa waliinywa ikiwa ya moto zaidi kuliko wa chai ya rangi. Mwaka uliofuata shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Hilo ni jambo ambalo kila jumuiya ingeweza kulizungumza siku hiyo hiyo, kwa sababu kuacha chai ipoe dakika chache hakuna gharama. Je, ulilisikia kanisani? Ulilisikia kwenye mkutano wa kijiji? Na wazee wanapotaja moshi wa jikoni, gongo, au dawa za kupulizia kahawa, nani anayaandika maswali yao? Baadhi ya maswali hayo huenda yasiwe na msingi. Lakini swali lisiloandikwa halichunguzwi, na lisilochunguzwa hugeuka uvumi.

Wengine wamefanyaje?

Nchini Uingereza mwaka 2000 watafiti walilinganisha yale yanayotafitiwa kuhusu ugonjwa wa magoti na yale ambayo wagonjwa wenyewe walitaka yatafitiwe. Tafiti nyingi zilihusu dawa. Wagonjwa walitaka kujua zaidi kuhusu upasuaji, elimu, na namna ya kuishi na maumivu. Pengo lilikuwa wazi. Mwaka 2004 ukaanzishwa huko mpango uitwao James Lind Alliance, ambao unawakutanisha wagonjwa, wanaowauguza na waganga wao ili wakubaliane, kwa kila ugonjwa, maswali 10 yanayohitaji majibu kwanza. Watafiti wenyewe hawapigi kura pale. Wanasikiliza, kisha wanakwenda kufanya kazi.

Karibu zaidi nasi, kituo cha utafiti cha KEMRI kule Kilifi, pwani ya Kenya, kilijifunza kwamba kuchukua damu za watoto bila mazungumzo ya kutosha na jamii huzaa hofu na uvumi. Kikaweka utaratibu wa wawakilishi waliochaguliwa na jamii yenyewe, wanaokutana na watafiti mara kwa mara. Ni hatua kubwa. Lakini wawakilishi wa namna hiyo, huko na kwingine, mara nyingi huulizwa namna ya kufanya utafiti uliokwisha kuamuliwa. Ninachokitaka ni hatua moja mbele ya hapo: waulizwe pia ni utafiti gani ufanyike.

Jumuiya zetu na jaribu la kuwasemea watu

Kwa nini niyaandike haya katika gazeti la seminari? Kwanza, kwa sababu ya Mafundisho Jamii ya Kanisa. Papa Pio XI, katika waraka wake Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alifafanua kanuni ya auni: ngazi ya juu isiwanyang'anye walio chini jambo wanaloweza kulifanya wenyewe, bali iwasaidie kulifanya. Mafrateri tunaifundishwa kanuni hiyo darasani tunapozungumza juu ya serikali na vyama. Inahusu pia maabara. Na Sinodi iliyofunguliwa mwaka 2021 na kuhitimishwa Oktoba 2024 ilitudai kitu hicho hicho ndani ya Kanisa: kusikilizana kabla ya kuamua.

Pili, kwa sababu tunavyo vyombo. Tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki wamezifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa maisha ya parokia. Kila juma watu wa nyumba chache wanakutana, wanasoma Neno, wanajua nani mgonjwa, nani amelazwa, nani ameuza ng'ombe ili alipie matibabu. Hakuna ofisi ya utafiti yenye macho mengi hivyo. Na tunazo hospitali za Kanisa Kibosho, Kilema na Huruma, ambako wauguzi wanaona kila siku yale ambayo hayajapata jibu.

Lakini hapa lazima tujionye wenyewe. Jaribu letu kubwa ni kuwasemea watu. Mtafiti akija parokiani atapelekwa kwa paroko, paroko atamwita mwenyekiti wa halmashauri ya walei, na wote wawili watajibu kwa niaba ya maelfu. Hapo tumebadilisha msemaji tu, na wenye shida hawajasikika. Hata ndani ya jumuiya wapo wanaosema na wapo wasiosema. Mwenyekiti anasema. Mama mwenye mtoto wa kifafa, anayemficha kwa aibu, hasemi. Msichana wa kazi hasemi. Mwenye virusi vya Ukimwi hasemi. Baba aliyeshindwa na pombe hayupo kabisa, na mke wake anajua kwa nini hayupo, naye hasemi. Nao hao ndio wenye maswali ambayo yanastahili kutangulia. Basi mazungumzo yafanyike pia katika makundi madogo, WAWATA peke yao, VIWAWA peke yao, UWAKA peke yao, na wenye ugonjwa mmoja peke yao kama wakipenda, na siri za watu zilindwe.

Tena, afya ya Kilimanjaro si ya Wakatoliki pekee. Machame ni ya Walutheri wengi, na tambarare kuna misikiti mingi. Homa ya mgunda haiulizi dini. Kwa hiyo maswali yanayotoka kwenye jumuiya zetu yasiishie kwa askofu. Yaende kwenye vyombo vya wote, yaani kamati ya zahanati, mkutano mkuu wa kijiji, na ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya, yakutane huko na maswali ya wenzetu.

Tuanze na nini?

Napendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji mfadhili.

La kwanza, kila jumuiya itenge mkutano mmoja kwa mwaka, pengine karibu na Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari, na kuzungumza maswali matatu tu. Ni ugonjwa gani umetuumiza zaidi mwaka huu? Ni upi umetumalizia fedha? Ni jambo gani kuhusu afya yetu hatulielewi na tungependa mtu atuchunguzie? Katibu aandike kama watu walivyosema, bila kuyapamba.

La pili, parokia iyakusanye na kuyapeleka kwenye kamati ya zahanati na wilayani, na nakala iende kwa taasisi za utafiti zilizopo mkoani. Mtafiti anayetaka kuandika andiko jipya awe na mahali pa kusoma watu wa Uru au Kirua wanauliza nini.

La tatu, tudai mrejesho. Anayetaka kufanya utafiti katika eneo letu aulizwe mambo mawili mwanzoni: swali hili limetoka kwa nani, na utarudi lini kutueleza ulichokiona? Kurudi si fadhila. Aliyetoa damu yake amechangia, na mchangiaji ana haki ya kusomewa hesabu.

La nne linatuhusu sisi mafrateri. Tunapokwenda mwaka wa uchungaji parokiani tunajifunza kuhubiri na kuongoza. Tujifunze pia kuuliza na kunyamaza. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, manung'uniko ya wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku ndiyo yaliyolifanya Kanisa la mwanzo lipange upya kazi zake. Mitume hawakuyaona manung'uniko yale kuwa ukaidi. Waliyachukua kama taarifa, wakaitisha jumuiya nzima, na jumuiya ikachagua watu saba wa kuishughulikia kazi hiyo.

Najua wapo watakaosema haya yatachelewesha kazi, na kwamba fedha za utafiti zina muda wake. Huenda ikawa kweli. Lakini kwa miaka mingi tumetibu malaria isiyokuwepo, haraka haraka, kwa fedha nyingi. Haraka ile haikuwasaidia wengi wa wagonjwa wale 870. Yesu alikuwa njiani kwenda Yerusalemu, na safari ile ilikuwa nzito kuliko zote. Alisimama, akauliza, akasubiri jibu la ombaomba.